Jino la kwanza si amri ya kuachisha ziwa

Mama akisema mtoto kamng'ata titini, jibu analopewa nyumbani, kazini na hata kwenye benchi la kliniki huwa moja: huyo keshakua, mwachishe. Anayelitoa ana nia njema, na mara nyingi ni mtu mzima aliyelea wengi. Anayelipokea ana chuchu inayowaka moto, kwa hiyo habishi. Hata hivyo, jibu hilo ni la haraka mno. Kung'ata ni suala la namna mtoto anavyoshika titi na la wakati anapong'ata, na lina utatuzi ambao mama yeyote anaweza kufundishwa kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba hafundishwi, au anafundishwa akiwa ameshachanika. Huduma zetu za afya zimekuwa hodari wa kumweleza mama kwa nini anyonyeshe, lakini nzito kumweleza afanyeje siku kunyonyesha kunapouma.

Tuanze na kinachopotea. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF wanashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha vyakula vya nyongeza huku mtoto akiendelea kunyonya hadi atimize miaka 2 au zaidi. Kwa Waislamu miaka miwili si habari ngeni. Imetajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Sasa, kwa watoto wengi jino la kwanza huchomoza karibu na mwezi wa 6. Anayeachisha kwa sababu ya jino anakata robo tatu nzima ya muda unaoshauriwa, na katika robo tatu hizo mtoto bado analitegemea titi: kati ya miezi 6 na 12 maziwa ya mama yanaweza kumpa nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji mwilini, na katika mwaka wa pili humpa theluthi. Kinachoshika nafasi hiyo katika nyumba nyingi ni uji mwepesi, au maziwa ya kopo yanayozimuliwa kupita kiasi ili yafike mwisho wa mwezi, tena kwa maji ambayo pengine hayakuchemka sawasawa. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makadirio kwamba kama kunyonyesha kungefikia kiwango kinachotakiwa karibu kila mahali, vifo vya watoto 823,000 vingezuiwa kila mwaka, na pia vifo 20,000 vya akina mama wanaokufa kwa saratani ya matiti. Hili la pili halisemwi vya kutosha. Uchambuzi wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti za nchi 30 ulionyesha kuwa kwa kila miezi 12 ambayo mwanamke ananyonyesha, hatari yake ya kupata saratani hiyo hupungua kwa asilimia 4.3. Anayeambiwa "mwachishe" anaambiwa apoteze kinga yake mwenyewe pia.

Ili kuona kwa nini jino peke yake halina hatia, inabidi kuchungulia ndani ya kinywa. Mtoto anayenyonya vizuri hashiki chuchu tu. Hupanua mdomo kama anayepiga miayo, akachukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya duara jeusi linaloizunguka, hadi chuchu ikafika nyuma, karibu na mahali kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini. Ulimi nao hutoka mbele, ukapita juu ya ufizi wa chini na kulipakata titi. Kwa kawaida meno mawili ya kwanza kutoka ni yale ya mbele ya chini, yaani yale yanayofunikwa na ulimi huo. Ili ang'ate, sharti kwanza aurudishe ulimi ndani, na akishaurudisha maziwa hayaji. Hawezi kunyonya na kung'ata kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mama anapoumwa, mtoto ama alikuwa ameshaacha kunyonya bila mama kugundua, ama alikuwa hajashika titi sawasawa tangu mwanzo.

Jambo hilo likieleweka, saa za hatari zinajulikana. Iliyo kubwa ni mwisho wa kunyonya: titi limelegea, maziwa yanatoka kidogo kidogo, mtoto ameshiba au anasinzia, anateleza kuelekea ncha ya chuchu, na kwa kuwa fizi zinamwasha anakaza taya. Nyingine ni mwanzo, pale anapopewa titi kumnyamazisha ilhali hana njaa. Anachotaka ni kutafuna. Mtoto mwenye mafua pua zimeziba, hawezi kupumua titi likiwa limemjaa kinywani, kwa hiyo hushika juujuu na kubana asilipoteze. Aliyezoea chupa ameshajifunza kwamba chuchu ya mpira hutafunwa na hakuna anayelalamika. Yupo pia ambaye mama yake ana mimba changa na maziwa yamepungua. Katika yote hayo dalili huonekana kabla ya maumivu. Mtoto anayenyonya humeza kwa mpigo unaosikika. Mpigo ukianza kupungua, macho yakaanza kuzurura chumbani, taya likakaza na ulimi ukajivuta ndani, muda wa kumtoa umefika. Mama anayemtazama mtoto huziona dalili hizi. Aliyeinamia simu hazioni, na hilo nalisema bila lawama, kwani kunyonyesha ni saa nyingi na simu ipo.

Kumtoa nako kuna ufundi wake. Kidole kidogo kilichooshwa huingizwa kwenye pembe ya mdomo, kati ya ufizi na ufizi, ndipo mvuto unakatika na titi linatoka bila kukwaruzwa. Kama ameshang'ata na hataki kuachia, mama amsogeze karibu zaidi hadi pua iguse titi kidogo. Mtoto hufungua mdomo mwenyewe apate kupumua. Kumnyofoa kwa nguvu, ambako ndiko mkono wa kila mtu unakokimbilia, ndiko kunakochana ngozi. Baada ya hapo titi lifunikwe kwa dakika chache, mama aseme neno moja la utulivu, na mtoto apewe kitu halali cha kutafuna, kwa mfano kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemshwa kisha yakapozwa. Kumsugua fizi taratibu kwa kidole kabla ya kunyonya kunapunguza ule mwasho wenyewe.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya vitabuni, dawa ya kung'ata ni kelele, kofi dogo au pilipili. Kelele mtu haipangi, humtoka tu, na hakuna haja ya kumlaumu. Ila, kama mbinu, haifai: watoto wengine hushtuka wakagoma kunyonya siku kadhaa, wengine huona mchezo na kurudia ili wasikie tena. Kofi halina maana kwa mtoto wa miezi 7, ambaye bado hajajua kwamba mwingine anaweza kuumia kwa alichofanya yeye. Pilipili, shubiri na maji ya mwarobaini yanayopakwa chuchuni hayamfundishi kuacha kung'ata. Yanamfundisha kuliogopa titi, ambako ni kumwachisha kwa mlango wa nyuma, na pilipili inaweza kumfikia machoni.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema maumbile yenyewe yametoa ishara: meno ni ya kutafunia, mwenye meno ale. Inavutia, lakini haisimami. Meno ya mtoto hayafuati kalenda. Wapo wanaoanza kuota miezi 4, wapo wanaofikisha mwaka mzima wakiwa vibogoyo, na wapo wachache wanaozaliwa na jino tayari. Kama jino lingekuwa amri, hawa wa mwisho wasingenyonya hata siku moja, na yule wa miezi 4 angeachishwa kabla hajafikia umri wa kupewa uji. Meno yote 20 ya utotoni hukamilika mtoto akiwa na miaka miwili na nusu hivi au mitatu. Maumbile, tukiyasikiliza kwa makini, yameweka meno na titi pamoja kwa muda mrefu. Jino linasema mtoto yuko karibu kuanza chakula cha nyongeza, na nyongeza huongezwa juu ya kitu kilichopo.

Sababu ya hoja hii kuota mizizi ni kwamba tuna desturi ya zamani ya kulisingizia jino. Pwani, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego na kuogopwa kuwa ana nuksi. Tanzania, tangu miaka ya 1980, kumekuwa na imani ya "meno ya nailoni", ambayo Uganda huitwa ebinyo: mtoto ana homa na anaharisha, mtu anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi pale meno ya chonge yanapojiandaa, kisha anayachokonoa kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli. Damu humwagika, kidonda huingia vijidudu, wengine hufa, na baadhi ya wanaopona hukua na meno ya ukubwani yaliyopinda au yasiyotoka kabisa. Ugonjwa uliokuwa ukimharisha, wakati huo wote, unaendelea na kazi yake. Si Afrika peke yake. Nchini Uingereza na Wales, mwaka 1839, ofisi ya Msajili Mkuu ilirekodi vifo 5,016 vilivyodaiwa kusababishwa na kuota meno, na unga wa meno uliouzwa huko ulikuwa na zebaki hadi miaka ya 1950. Nigeria, kati ya mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009, watoto 84 walikufa kwa dawa ya maji ya kutuliza meno iliyochanganywa na kemikali yenye sumu. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba jeli za ganzi zenye benzokaini zisitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kuizuia damu kubeba oksijeni. Kwa mtoto anayenyonya jeli hizo zina kasoro ya ziada: ganzi ya ufizi hufika kwenye ulimi, na ulimi uliokufa ganzi ndio usioweza kushika titi.

Kuachisha ziwa kwa sababu ya jino kumetoka katika fikra hiyohiyo, ya kuliona jino kama ugonjwa unaotaka kitu kikatwe. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kinachoambatana na kuota meno: fizi zinazowasha, udenda, mtoto kuwa na kero, joto la mwili kupanda kidogo. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea siyo ya meno. Mtoto huyo apelekwe apimwe, na katika nchi zetu malaria ndiyo ya kwanza kuitafuta. Na anapougua, titi ndilo kimiminika salama kuliko vyote alivyo navyo. Kumnyima siku hiyo eti kwa kuwa anaota meno ni kumwongezea hatari.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la maumivu. Ni rahisi kuandika habari za ulimi na kaakaa, mtu atasema. Aliyechanika chuchu na anayemwona mtoto akija tena kwa njaa hana nafasi ya somo. Ni kweli, na ndiyo maana somo linatakiwa litangulie. Hata hivyo kidonda chenyewe kina matunzo yake. Kioshwe kwa maji safi, kipakwe matone ya maziwa ya mama mwenyewe na kuachwa kikauke. Mtoto aanzie upande usiouma, kwa kuwa anaponyonya akiwa na njaa kali ndipo anapovuta kwa nguvu zaidi. Mama abadilishe namna ya kumpakata ili meno yasigonge palepale. Kama hapagusiki, akamue kwa mkono na kumpa mtoto kwa kikombe, ili titi lisijae likavimba. Titi likiwa jekundu, gumu na la moto, na mama akapata homa, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo kabla halijawa jipu. Chuchu inayochoma hata baada ya kidonda kupona, pamoja na utando mweupe kinywani mwa mtoto, huenda ni fangasi, na hapo mama na mtoto hutibiwa pamoja.

Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI jambo hili halitaki mzaha. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unamshauri anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi 24 au zaidi, ilimradi anatumia dawa zake ipasavyo na anasaidiwa kuendelea nazo. Meno hayabadilishi hilo. Lakini chuchu inayotoka damu huongeza hatari ya maambukizi, kwa hiyo upande wenye kidonda usimamishwe, maziwa yake yakamuliwe na kumwagwa hadi pale patakapopona, mtoto aendelee na upande mzima, na mama awahi kliniki. Mama huyu akiambiwa tu "mwachishe", anaweza kumtoa mtoto ghafla kwenye chakula chake kikuu. Akiambiwa tu "vumilia", anaweza kumwambukiza. Maelekezo yaliyo sahihi ni ya sentensi tatu au nne, na anastahili kuyapata kabla ya siku ya kwanza kung'atwa.

Na mama ambaye, baada ya kujua yote haya, anaona basi? Aache. Mwili ni wake. Kinachonisumbua ni mama aliyeacha kwa kudhani hakuna njia nyingine.

Kuna lingine ambalo halisemwi tunapozungumzia meno, nalo ni ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini inamtaka mwajiri ampe muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Kenya likizo ni miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea kazini. Jino linapotoka, mama ameshakuwa kazini miezi kadhaa. Mtoto anashinda na dada wa kazi na chupa inayomwaga maziwa bila jasho. Mama anakamua chooni, au hakamui kabisa, na maziwa yanapungua. Jioni mtoto analikuta titi linalotoa polepole, anachoka kusubiri, anabana. Familia inaona mtoto ameota meno. Mimi naona pia saa mbili za kisheria ambazo hakuna aliyezidai. Kumlisha mtoto kwa kikombe badala ya chupa kunasaidia, na dada wa kazi anaweza kufundishwa asubuhi moja.

Tufike kliniki, maana ndiko hoja yangu inakoelekea. Kalenda ya chanjo Kenya na Tanzania humleta mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Baada ya hapo chanjo ya surua na rubela humsubiri hadi miezi 9. Katikati kuna mizani ya kila mwezi na vitamini A ya mwezi wa 6. Meno ya kwanza ya watoto wengi huchomoza ndani ya pengo hilohilo, wakati mama amepunguza safari za kliniki, au anapanga foleni asubuhi nzima, mtoto anapimwa uzito, nukta inawekwa kwenye kadi na anaambiwa anaendelea vizuri. Najua pingamizi la wauguzi: wako wachache, watoto ni wengi, na kila mwandishi wa makala ana somo jipya la kuwaongezea. Hili halihitaji foleni mpya. Vituo vingi huanza siku kwa elimu ya afya, akina mama wakiwa wamekaa pamoja kabla ya huduma. Dakika tano za asubuhi hiyo, kwa mwanasesere na titi la kushonwa kwa kitambaa, zinatosha kuonyesha ulimi unavyokaa na kidole kinavyoingia pembeni mwa mdomo. Wiki ya 14 ndiyo mahali pake, na bibi au mama mkwe aliyemsindikiza mzazi akaribishwe kukaa kwenye benchi lilelile badala ya kuambiwa asubiri nje, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa usiku mtoto atakapong'ata. Kisha mwezi wa 6, mtoto akiwa kwenye mizani, muuguzi aulize: ameanza kung'ata? Mama wengi hawalitaji hilo kliniki bila kuulizwa. Huishia kumwambia jirani.